Simu Nzima, Kinga Iliyokwisha

Kila alfajiri, jua linapochomoza juu ya vilima vya mawe vya Mwanza, mitumbwi ya dagaa hurejea katika mialo ya Ziwa Victoria. Katika soko la Mwaloni, Kirumba, magunia ya dagaa wakavu hupangwa, bei hupatanwa, na wafanyabiashara watokao mikoa mingine na hata nchi jirani hufunga mizigo yao. Zamani malipo ya biashara hiyo yalihesabiwa noti kwa noti. Tangu Vodacom ilipoanzisha huduma ya M-Pesa nchini Tanzania mwaka 2008, malipo mengi yamehamia katika simu, na pamoja nayo zimehamia namba za wateja, barua za biashara, picha za vitambulisho na habari za familia.

Mwenye mtumbwi wa mbao anajua jambo moja ambalo mwenye simu huenda hajapata kuambiwa. Mtumbwi mpya hauvuji siku unaposhushwa majini. Lakini mbao hukauka na kuvimba, na pamba iliyoshindiliwa katika viungo vyake huoza. Kwa hiyo kila baada ya muda chombo hupandishwa ufukoni kikakalafatiwa upya. Mtumbwi ulioachwa bila kukalafatiwa huonekana mzima ukiwa nchi kavu. Ubovu wake hujulikana kilindini.

Simu janja nayo ina nyufa, na fundi wa kuziziba ni kampuni iliyoitengeneza. Kazi hiyo huitwa kusasisha mfumo endeshi, nayo ina siku ya mwisho. Siku hiyo ikishapita, simu huendelea kuwaka, kupiga picha na kupokea fedha kama kawaida, lakini nyufa mpya zinazogunduliwa hazizibwi tena. Makala haya yanaeleza jinsi kazi hiyo inavyofanyika, sababu za kukoma kwake mapema, na uhusiano wake na siri za mwenye simu.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Ndani ya simu janja kuna programu nyingi: ya kupiga picha, ya kutuma ujumbe, ya benki, ya ramani, na kadhalika. Programu hizi haziruhusiwi kuvigusa vifaa vya simu zitakavyo. Juu yao kuna programu kuu inayozitawala zote, nayo ndiyo mfumo endeshi. Kazi yake yaweza kulinganishwa na ya msimamizi wa mwalo. Yeye ndiye anayejua chombo gani kimetia nanga wapi, nani ana ruhusa ya kuingia ghalani, na mzigo upi ni wa nani. Vivyo hivyo, programu inayotaka kutumia kamera, kipaza sauti, orodha ya majina au chombo cha kutambua mahali, haina budi kuomba kwanza kwa mfumo endeshi.

Simu janja nyingi zitumikazo kandokando ya Ziwa Victoria zina mfumo endeshi uitwao Android. Kampuni ndogo iliyouanzisha ilinunuliwa na Google mwaka 2005, na simu ya kwanza yenye mfumo huo ikauzwa mwaka 2008. Kiini chake ni Linux, programu iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi huko Finland, na ambayo tangu hapo imeendelezwa kwa ushirikiano na mafundi wa mataifa mengi. Mfumo wa pili kwa umaarufu ni iOS, utumikao katika simu za iPhone za kampuni ya Apple.

NYUFA HUTOKA WAPI?

Mfumo endeshi huandikwa na binadamu, nao una mamilioni ya mistari ya maagizo. Katika kazi kubwa kiasi hicho makosa hayaepukiki. Makosa mengi hayana madhara, lakini machache hufungua mlango.

Mfano wake ni mpokeaji wa mizigo ghalani aliyetengewa nafasi ya magunia 100. Akiletewa magunia 120 naye asiyahesabu, magunia 20 ya ziada yatamwagwa katika nafasi ya jirani. Ndani ya simu, nafasi hiyo ya jirani huenda ndimo yalimowekwa maagizo yanayoiambia simu la kufanya. Mtu mwovu akiligundua kosa hilo, hutunga ujumbe au picha ambayo ziada yake ni maagizo aliyoyaandika yeye. Na simu huyatii kana kwamba yametoka kwa mwenyewe.

Jambo hilo si la kufikirika tu. Mwezi Julai 2015 wataalamu wa kampuni ya Zimperium walitangaza makosa ya aina hiyo katika sehemu ya Android iliyoshughulikia picha na sinema. Makosa hayo, yaliyopewa jina la Stagefright, yalikuwamo katika mamia ya mamilioni ya simu ulimwenguni. Mshambuliaji aliweza kutuma ujumbe wa picha, na kwa baadhi ya simu ujumbe huo ungeweza kufanya kazi yake hata kabla mwenye simu hajaufungua. Kuanzia Agosti mwaka huohuo Google ikaanza kutoa taarifa ya usalama kila mwezi, yenye orodha ya makosa yaliyogunduliwa na viraka vya kuyaziba.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawaliangalii. Kiraka kinapotangazwa, hutangazwa pia mahali palipokuwa na tundu. Anayekipata huwa salama zaidi kuliko jana. Asiyekipata huwa katika hatari kubwa zaidi kuliko jana, kwa sababu wezi sasa wameonyeshwa pa kupita. Ndivyo ilivyotokea kwa kompyuta za mezani mwaka 2017. Kampuni ya Microsoft ilitoa kiraka mwezi Machi. Mwezi Mei kirusi kilichoitwa WannaCry kikaenea katika nchi zaidi ya 150 kikizishambulia kompyuta ambazo hazikuwa zimewekewa kiraka hicho, zikiwamo za hospitali nyingi za Uingereza, ambako wagonjwa walilazimika kuahirishiwa matibabu.

SAFARI NDEFU YA KIRAKA

Kwa simu za iPhone safari ya kiraka ni fupi, maana kampuni moja ndiyo inayotengeneza simu na mfumo endeshi wake. Hivyo simu aina ya iPhone 5s, iliyoanza kuuzwa mwaka 2013, ilipata kiraka cha usalama hata mwezi Januari 2023.

Kwa simu za Android mambo ni tofauti. Kiraka huanza kwa mafundi wa Linux na wa Google. Kisha huenda kwa kampuni inayotengeneza chipu, yaani ubongo wa simu, kama vile MediaTek, Unisoc au Qualcomm. Kampuni hiyo hukilinganisha na programu zake za kuendeshea redio, kamera na kioo. Baadaye hufika kwa mtengenezaji wa simu, ambaye ameongeza mapambo na programu zake mwenyewe, naye hukijaribu katika kila aina ya simu anayoiuza. Katika baadhi ya nchi makampuni ya mitandao nayo hukipima kabla ya kukiruhusu. Hatimaye humfikia mwenye simu, ikiwa ana intaneti, nafasi katika kumbukumbu ya simu, na chaji ya kutosha.

Kiungo kimoja kikikatika, safari yote hukoma. Mara nyingi hukatikia kwa mtengenezaji wa chipu au wa simu, na sababu yake ni ya kiuchumi. Simu hulipiwa mara moja tu, siku ya kununuliwa, lakini kuitunza hugharimu kila mwezi. Kwa simu ya bei ya chini faida ni ndogo, na kiwanda huona heri mafundi wake washughulikie simu mpya. Ndiyo maana simu nyingi za bei nafuu hupata viraka kwa miaka 2 au 3, na nyingine pungufu ya hapo.

Wataalamu wamejaribu kuifupisha safari hiyo. Mwaka 2017, katika toleo la 8 la Android, sehemu za mtengenezaji wa chipu zilitengwa na sehemu nyingine za mfumo ili moja iweze kubadilishwa bila kuivuruga nyingine. Mwaka 2019, katika toleo la 10, baadhi ya sehemu zilianza kusasishwa na Google moja kwa moja, kama programu za kawaida zinavyosasishwa. Hatua hizo zimesaidia sana. Hata hivyo kiini cha mfumo na programu za kuendeshea chipu bado humtegemea mtengenezaji.

Je, haiwezekani kuitunza simu kwa muda mrefu? Inawezekana. Kampuni ndogo ya Uholanzi iitwayo Fairphone ilianza kuuza simu yake ya pili mwaka 2015, na ikaendelea kuisasisha hadi mwaka 2023, ijapokuwa mtengenezaji wa chipu alikuwa ameacha kuihudumia chipu hiyo miaka mingi kabla. Mwaka 2023 Google iliahidi miaka 7 ya masasisho kwa simu zake za Pixel 8, na mwaka 2024 Samsung ikaahidi miaka 7 kwa simu za Galaxy S24. Kwa hiyo kikwazo si ukosefu wa maarifa. Ni gharama, na nani aibebe. Ahadi hizo ndefu zimetolewa kwanza kwa simu za bei ghali, ambazo mchuuzi wa dagaa hanunui.

MIAKA HUHESABIWA TANGU LINI?

Aghalabu miaka ya utunzaji huhesabiwa tangu aina ya simu ilipotolewa sokoni kwa mara ya kwanza. Haihesabiwi tangu siku mnunuzi alipofungua sanduku lake. Kwa mkazi wa kando ya ziwa tofauti hiyo ni kubwa.

Tuseme aina fulani ya simu ilitolewa Januari 2022 kwa ahadi ya miaka 3 ya viraka. Ahadi hiyo hukoma Januari 2025. Simu husafiri kwa meli hadi Dar es Salaam, hupelekwa Mwanza, hukaa dukani, kisha huenda kwa meli au feri hadi Nansio, Ukerewe. Ikinunuliwa huko Januari 2024, bado imefungwa sandukuni na inang'aa kwa upya, kinga yake imebakiza mwaka 1 tu. Mwenyewe akiiuza mwaka 2026 kama simu iliyotumika, mnunuzi wa pili atapokea simu isiyo na kinga hata ya siku moja, ingawa kioo hakina ufa na betri inakaa na chaji.

Aidha yafaa kutofautisha simu halali na simu salama. Tarehe 16 Juni, 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizima simu bandia nchini kwa kutumia namba maalumu ya utambulisho ambayo kila simu hupewa kiwandani. Hatua hiyo ilihakikisha kwamba simu itumikayo ni halisi. Lakini simu halisi, yenye namba sahihi na risiti ya duka, yaweza kuwa imekwisha kuachwa na mtengenezaji wake.

Hata simu ndogo hazikuepuka jambo hili. Mfumo endeshi wa KaiOS ulitengenezwa kwa ajili ya simu za vitufe za bei nafuu, na kuanzia mwaka 2019 programu ya WhatsApp ilipatikana katika simu hizo. Mwaka 2024 WhatsApp ilifunga mlango kwa watumiaji wapya wa KaiOS. Vifaa vilikuwa bado vizima. Huduma ndiyo iliyoondoka.

SIRI HUFUATA TOLEO

Watu wengi hudhani kwamba sasisho huleta rangi mpya na michoro mipya tu. Kwa kweli, haki ya mwenye simu ya kulinda siri zake imekua hatua kwa hatua pamoja na matoleo ya mfumo endeshi.

Kabla ya mwaka 2015, aliyeweka programu katika simu ya Android alitakiwa kukubali madai yake yote kwa pamoja au kuiacha kabisa. Toleo la 6, la mwaka 2015, lilimpa uwezo wa kukubali dai moja na kukataa jingine. Toleo la 10, la mwaka 2019, lilimwezesha kuruhusu programu ijue mahali alipo pale tu anapoitumia. Toleo la 11, la mwaka 2020, lilileta ruhusa ya mara moja, ambayo hufutika yenyewe baada ya kutumika. Toleo la 12, la mwaka 2021, liliweka alama inayowaka juu ya kioo kila kamera au kipaza sauti kinapotumika, na likamruhusu mwenye simu kutoa makisio ya mahali alipo badala ya mahali hasa.

Kwa mvuvi mambo haya yana maana ya kipekee. Mahali alipotega nyavu zake ni siri ya kazi, na wizi wa nyavu na injini ni adha inayojulikana ziwani. Simu yenye toleo la zamani, ikiwa na programu iliyokwisha kuruhusiwa kujua mahali, yaweza kuandika njia yake yote ya usiku na kuipeleka kwa watu asiowajua. Kwa mama mchuuzi hatari iko zaidi katika orodha ya majina. Zimekuwapo programu za mikopo ambazo kabla ya kutoa fedha hudai kuisoma orodha hiyo, na mkopaji akichelewa kulipa, ndugu, wateja na majirani hutumiwa ujumbe wa kumwaibisha. Kuanzia Mei 2023 Google ilizikataza programu za mikopo zilizo katika duka lake kusoma majina na picha za wakopaji. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha mtandaoni bila idhini.

Siri nyingine ni za umma. Mpango wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga walio katika hatari ulianza kwa majaribio katika eneo la Sengerema kabla ya kuenezwa nchini. Simu hupigwa kwa namba 115, na mratibu hutumia programu maalumu kutafuta gari la wagonjwa au dereva aliye karibu. Kazi za namna hii, pamoja na ukusanyaji wa takwimu za afya na za uvuvi, huweka habari za watu wengi katika vifaa vichache. Hivyo umri wa kinga ya vifaa hivyo haumhusu mtumiaji mmoja peke yake.

FUNDI ANAPOGEUKA MWIZI

Kuna upande wa pili wa jambo hili. Anayeweza kuibadilisha simu kutoka mbali ili aitengeneze, anaweza pia kuibadilisha ili aiibie. Mlango wa masasisho ni mpana kuliko milango yote ya simu, maana apitaye hapo haombi ruhusa kwa mtu.

Mwezi Novemba 2016 kampuni ya Kryptowire ilieleza kwamba baadhi ya simu za bei nafuu zilizouzwa Marekani zilikuwa zikipeleka ujumbe mfupi wa wenyewe kwenye kompyuta zilizoko China kila baada ya saa 72, pamoja na orodha za majina na za simu zilizopigwa. Programu iliyofanya hivyo ilikuwa ileile iliyowekwa kwa ajili ya kuleta masasisho, iliyotengenezwa na kampuni ya Adups ya Shanghai.

Tukio la pili lilikuwa la Afrika. Mwezi Agosti 2020 kampuni ya Upstream ilitangaza kwamba simu aina ya Tecno W2, zilizouzwa Ethiopia, Kamerun, Ghana, Misri na Afrika Kusini, zilikutwa na programu hasidi ziitwazo Triada na xHelper, zilizokuwamo tangu simu hazijafika kwa mnunuzi. Programu hizo ziliwaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila wao kujua, na kula salio lao. Kampuni ya Transsion, inayotengeneza simu za Tecno, ilisema kosa lilifanywa na mshirika mmoja katika msururu wa utengenezaji, na kwamba masahihisho yalikuwa yametolewa.

Katika tukio hilo mambo yote mawili yalikutana. Ugonjwa uliingia kabla ya simu kuuzwa, na dawa ilihitaji kupitia njia ya masasisho. Hivyo swali la muda wa kutunza simu haliwezi kutengwa na swali la uaminifu wa mtunzaji. Mwenye simu anastahili yote mawili: fundi asiyemwacha mapema, na fundi asiyempekua.

SHERIA ZINASEMAJE?

Serikali mbalimbali zimeanza kuliona jambo hili kuwa haki ya mnunuzi. Nchini Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili, 2024, sheria humtaka mtengenezaji atangaze wazi ni kwa muda gani, angalau, bidhaa yake itapewa viraka vya usalama. Umoja wa Ulaya umekwenda mbele zaidi. Kwa kanuni zilizoanza kutumika tarehe 20 Juni, 2025, masasisho ya simu hayana budi kupatikana bila malipo kwa angalau miaka 5 tangu mtengenezaji anapoacha kuiingiza aina hiyo sokoni. Hapo hesabu imegeuzwa ili imlinde hata anayenunua mwishoni.

Tanzania imeanzia upande wa siri. Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 inatambua haki ya mtu kuheshimiwa faragha yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei, 2023, na Tume ya kuisimamia ikazinduliwa Aprili 2024. Sheria hiyo humbana anayekusanya taarifa za watu, na humtaka azilinde. Ni vigumu kuona jinsi taasisi itakavyodai kuwa imezilinda, ilhali imeziweka katika vifaa ambavyo kinga yake ilikoma miaka kadhaa iliyopita.

MAMBO YA KUFANYA

Mwenye simu anaweza kuijua hali ya simu yake kwa dakika moja. Katika mipangilio ya simu ya Android, sehemu inayohusu simu yenyewe huonyesha toleo la mfumo na tarehe ya sasisho la mwisho la usalama. Ikiwa tarehe hiyo ina umri wa miezi michache, simu bado inatunzwa. Ikiwa ina umri wa mwaka au zaidi, na simu ikiulizwa inajibu kwamba hakuna sasisho jipya, yaelekea imekwisha kuachwa.

Sasisho likipatikana lisicheleweshwe. Wengi huliahirisha kwa kuhofia bando, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa sasisho kubwa huweza kula megabaiti mamia. Inafaa kutumia intaneti ya ofisini au chuoni, au bando la usiku, simu ikiwa imechomekwa kwenye umeme, na picha muhimu zikiwa zimenakiliwa mahali pengine.

Kabla ya kununua, muuzaji aulizwe mambo matatu: aina hii ilitolewa mwaka gani? Mtengenezaji ameahidi viraka vya miaka mingapi? Imebaki mingapi? Simu ya bei ya juu kidogo yenye miaka 4 mbele yake huenda ikawa rahisi kuliko ya bei ya chini yenye miezi 6, mtu akigawanya bei kwa miaka ya kinga. Taasisi zinazonunua vifaa kwa wingi zina nguvu zaidi. Zikiliandika sharti hilo katika zabuni, wauzaji watalazimika kulijibu.

Simu iliyoachwa haina haja ya kutupwa. Yaweza kubakizwa kwa redio, tochi, kupiga simu na kusikiliza taarifa ya hali ya hewa, huku programu za benki na barua za siri zikihamishiwa kwingine. Programu zake zitolewe kwenye duka rasmi tu, na ruhusa zisizo za lazima zifutwe. Kwa aina chache za simu, mafundi wa kujitolea hutengeneza mfumo mbadala uitwao LineageOS, ulioanzishwa mwishoni mwa mwaka 2016, ambao huirudishia simu sehemu ya ulinzi wake. Kazi hiyo yataka fundi hodari, baadhi ya programu za benki huukataa mfumo huo, na programu za ndani ya chipu hubaki na nyufa zake.

Hata hivyo yafaa kila hatari ipewe uzito wake. Ule ujumbe maarufu wa matapeli, usemao ile hela itumwe kwenye namba hii, hauhitaji ufa wowote katika mfumo endeshi. Huhitaji mtu mwenye haraka. Hakuna kiraka kinachomlinda mtu aliyemtajia mwingine namba yake ya siri. Masasisho huziba milango ambayo mwenye simu haioni. Ule anaoufungua kwa mkono wake ni juu yake kuulinda.

Fundi seremala wa mwaloni akiuza mtumbwi, mnunuzi huinama chini yake, hupapasa viungo, na huuliza ulikalafatiwa lini. Haoni haya kuuliza, na muuzaji haoni ajabu kuulizwa. Madukani mwa simu swali la namna hiyo bado ni geni, na mara nyingi muuzaji mwenyewe hana jibu. Wanunuzi wakilizoea, maduka yatalizoea. Maduka yakilizoea, waagizaji watalipeleka viwandani. Kabla ya kutoa fedha yake, mnunuzi na ajue kinga ya simu anayoinunua itakoma lini.